Nusu-otomatiki: Nusu ya Nini?

Katika taarifa za polisi za Tanzania kuna herufi tatu zinazotokea mara kwa mara bunduki inapokamatwa porini au mpakani. Herufi hizo ni SAR. Ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya bunduki ya nusu-otomatiki. Karibu nazo husimama herufi nyingine tatu, SMG, ambazo kwa desturi ya askari hutumika kwa bunduki inayoweza kumimina risasi mfululizo. Herufi hizo zimezoeleka mno, hata ni nadra mtu kuuliza swali jepesi lililomo ndani yake: kama bunduki hii ni nusu-otomatiki, basi ni nusu ya nini?

Swali hilo si la walimu wa lugha peke yao. Tanzania inapakana na nchi nane: Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Zambia, Malawi na Msumbiji. Katika ofisi za nchi hizo taarifa huandikwa kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, kwa Kifaransa na kwa Kireno. Bunduki iliyopita mikononi mwa majambazi haina pasipoti, lakini kila inapokamatwa hupewa jina jipya. Huku itaitwa SAR, kule itaitwa kwa Kifaransa, na kwingine itaitwa tu "silaha ya kivita". Maafisa wa nchi mbili wanapokutana ili kulinganisha orodha zao, jina likiwa limekosewa, bunduki moja huhesabiwa mara mbili, au haihesabiwi kabisa.

Neno hili huzaa makosa mawili. La kwanza ni la wale wanaosikia "nusu" na kudhani kwamba silaha yenyewe ni nusu silaha, yaani madhara yake ni nusu ya madhara ya ile iliyo kamili. La pili ni la wale wasiojali tofauti yoyote, ambao kwao kila bunduki isiyo gobore ni "otomatiki". Makosa yote mawili husahihishwa kwa njia moja tu: kuitazama kazi inayofanyika ndani ya bunduki, na kuuliza ni nani anayeifanya.

Ili risasi moja itoke na nyingine iwe tayari kuifuata, ziko kazi kadha wa kadha ambazo hazina budi kufanyika. Risasi huingizwa chemba. Bolti hufungwa nyuma yake. Bunduki hukokiwa. Kifyatulio, au triga kama askari wengi wanavyosema, huvutwa. Kisha bolti hufunguliwa, ganda tupu huchomolewa, na ganda hilo hutupwa nje. Hapo mzunguko mmoja umekamilika, na mwingine waweza kuanza.

Mwenye gobore hufanya kazi zake zote kwa mkono, naye huanza mbali zaidi, kwa kumimina baruti na kuishindilia mtutuni. Mwenye bunduki ya bolti, kama ile Mark IV ya Kiingereza waliyoijua askari wa zama za ukoloni, ana risasi kumi ndani ya magazini, lakini baada ya kila risasi ni lazima mkono wake uinue bolti, uivute nyuma na kuirudisha mbele. Bunduki hiyo ina chuma kizuri na shabaha nzuri, lakini haijifanyii lolote. Kila kitu humsubiri mtu.

Bunduki ya nusu-otomatiki ilibadili mgawanyo huo wa kazi. Katika nyingi ya bunduki za namna hiyo, sehemu ya gesi inayosukuma risasi huchepushwa kupitia tundu dogo katika mtutu, nayo husukuma pistoni. Pistoni huirudisha bolti nyuma. Ganda hutoka na kutupwa. Bunduki hujikoki. Springi huisukuma bolti mbele, nayo hubeba risasi mpya kutoka katika magazini na kuifungia chemba. Kazi zote hizo hufanyika kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na mtu hakugusa chochote. Baada ya hapo bunduki husimama. Hata kama kidole bado kimekibana kifyatulio, haitafyatuka tena. Ni lazima kidole kiachie, kisha kivute upya. Risasi moja, mvuto mmoja.

Bunduki ya otomatiki kamili hufanya kazi zilezile, ila haisimami. Kidole kikiendelea kubana, mzunguko hujirudia mpaka kidole kiachie au magazini iishe. Hiyo ndiyo tofauti yote. Kwa nje bunduki mbili zaweza kufanana kama mapacha, ilhali tofauti yao ni vipande vichache vya chuma vilivyofichika karibu na kifyatulio.

Basi jibu la swali limeanza kuonekana. Kinachogawanywa si ukali wa risasi. Risasi ya milimita 7.62 inayotoka katika SAR na ile inayotoka katika AK-47 yaweza kuwa ni ileile, ya kiwanda kilekile, kutoka sanduku lilelile. Ikimpata mtu haimwulizi ilitoka katika bunduki ya namna gani. Kinachogawanywa ni kazi. Nusu imechukuliwa na mashine, nusu imeachwa kwa mtu.

Maana hiyo haiko kwenye silaha tu. Ziko mashine za kufulia nguo zenye mapipa mawili, ambazo nazo huitwa za nusu-otomatiki. Pipa moja hufua lenyewe, la pili hukamua lenyewe, lakini kati ya kufua na kukamua ni lazima mtu azitoe nguo huku na kuzitia kule. Mashine imefanya sehemu yake, kisha inamngoja mwenyewe. Popote neno hili linapotumika kwa usahihi, maana yake ni hiyo: chombo hukamilisha hatua fulani peke yake, kisha husimama mpaka mtu atoe amri nyingine.

Mataifa yaliyotengeneza bunduki hizi hayakuchagua jina moja. Mwaka 1936 jeshi la Marekani lilipokea bunduki ya M1 iliyobuniwa na John Garand, yenye risasi nane, nayo ikafahamika kuwa ya nusu-otomatiki. Warusi walitazama jambo lilelile kwa upande mwingine. Bunduki ya Simonov ya mwaka 1945, yenye risasi kumi, ambayo ulimwengu unaijua kwa herufi SKS, katika jina lake la Kirusi imo maana ya "inayojijaza yenyewe". Waingereza nao, walipoichukua bunduki ya Kibelgiji ya FAL katika miaka ya 1950 na kuiondolea uwezo wa kumimina risasi mfululizo, waliiita bunduki ya kujijaza. Wafaransa walisema nusu-otomatiki, na neno lao ndilo linalosomeka hadi leo katika karatasi za Bujumbura na Kinshasa.

Ukiyaweka majina hayo mawili pamoja, kila moja laonyesha kile ambacho mwenzake amekificha. "Inayojijaza" yaeleza kazi ya mashine na kunyamaza juu ya mtu. "Nusu-otomatiki" yakiri kwamba iko nusu nyingine, lakini haisemi ni ya nani. Kiswahili kimelichukua jina la pili, na kwa hiyo msemaji wa Kiswahili ana wajibu wa kulijaza maana.

Bastola zimeuongeza mkanganyiko. Mwanzoni mwa karne ya 20 watengenezaji waliziita bastola zinazojijaza "bastola za otomatiki", wakimaanisha tu kwamba zinajijaza. Bastola mashuhuri ya Colt ya mwaka 1911 iliitwa hivyo, na hata risasi yake ina neno hilo katika jina lake. Lakini bastola hiyo hutoa risasi moja kwa kila mvuto. Kwa maana ya sasa ni nusu-otomatiki. Askari anayenakili neno "otomatiki" kutoka katika sanduku la risasi na kulitia katika hati ya mashtaka aweza, bila kukusudia, kuandika kosa ambalo mshtakiwa hakulitenda.

Majina ya viwandani nayo yana mitego yake. Wachina walipoanza kutengeneza silaha kwa mfano wa zile za Kirusi, walitoa jina la Aina ya 56 kwa silaha tatu tofauti. Ya kwanza ni ile ya mfano wa SKS, ambayo ni nusu-otomatiki. Ya pili ni ya mfano wa AK, ambayo yaweza kumimina. Ya tatu ni bunduki nyepesi ya rashasha. Zote tatu hutumia risasi ya namna moja. Kwa hiyo anayeandika katika rejesta "Aina ya 56" na kukomea hapo hajasema kitu. Ametaja ukoo, hakumtaja mtu.

Neno hili lilipata uzito mpya lilipoingia katika mikataba. Mwezi Agosti 1991 ulikuwa umepita miaka kumi kamili wakati nchi za kusini mwa Afrika zilipotia sahihi Itifaki ya SADC kuhusu silaha huko Blantyre, Malawi, mwezi Agosti 2001. Tarehe 21 Aprili 2004, nchi kumi na moja za Maziwa Makuu, Pembe ya Afrika na jirani zao zilitia sahihi Itifaki ya Nairobi ya kuzuia, kudhibiti na kupunguza silaha ndogo na nyepesi. Tanzania imo katika zote mbili, na Kongo vilevile. Itifaki hizo zinapoeleza maana ya silaha ndogo, huzitaja bunduki za nusu-otomatiki kwa jina, katika orodha moja na zile za otomatiki.

Itifaki ya Nairobi, iliyoanza kutumika tarehe 5 Mei 2006, ilikwenda mbali zaidi. Nchi zilizotia sahihi ziliahidi kuweka katika sheria zao katazo la jumla la raia kumiliki na kutumia silaha nyepesi, bunduki za otomatiki, bunduki za nusu-otomatiki na bunduki za rashasha. Silaha ndogo nyinginezo haziruhusiwi kumilikiwa ovyo, bali kwa udhibiti wa sheria na vibali. Hapo ndipo neno moja linapoamua hatima ya mtu. Mkulima mwenye bunduki ya bolti yenye kibali yumo katika fungu moja la sheria. Mwenye bunduki ya nusu-otomatiki yumo katika fungu jingine. Na kwa kuwa katazo hilo lataja bunduki, haitoshi kuandika "silaha ya nusu-otomatiki" na kunyamaza, maana bastola nayo yaweza kuitwa hivyo. Ni lazima taarifa iseme kwamba ni bunduki au ni bastola.

Kwa nini waliotunga Itifaki hawakuridhika na kuzikataza zile za otomatiki peke yake? Sababu ziko wazi kwa yeyote anayeijua kanda hii. Mwaka 1979, utawala wa Idi Amin ulipoanguka, ghala la silaha la kambi ya Moroto, kaskazini mashariki mwa Uganda, liliachwa wazi, na bunduki nyingi zikaingia mikononi mwa wafugaji wa Karamoja. Wizi wa mifugo ulikuwapo tangu zama za mikuki. Lakini tangu wakati huo uvamizi wa kugombea ng'ombe, uliowagusa pia jirani zao Waturkana na Wapokot wa Kenya, ukawa ni vita vya risasi, na Serikali ya Uganda ikalazimika kuendesha kampeni za kukusanya silaha hizo, mojawapo ikianza Desemba 2001. Zizi linapovamiwa usiku, wenye zizi hawanufaiki na tofauti iliyomo ndani ya mtambo wa bunduki.

Hesabu nayo yafundisha. AK-47 ina mwendo wa mtambo wa risasi zipatazo 600 kwa dakika. Magazini yake ya risasi 30 yaweza kumalizika kwa sekunde tatu, na nyingi ya risasi hizo zikapaa juu ya shabaha. Askari anayetumia SKS kwa kulenga hutoa risasi zipatazo 35 hadi 40 kwa dakika, na huyo wa AK akilenga risasi mojamoja hutoa kiasi hichohicho. Kwa hiyo ile inayoitwa nusu, mikononi mwa mtu anayelenga, si silaha ya kudharauliwa. Neno "nusu" likimfanya askari alegeze tahadhari yake, basi neno hilo limekwisha kumdanganya.

Tuseme bunduki imekamatwa katika kizuizi cha barabarani, si mbali na mpaka. Taarifa iliyo bora haianzi na jina. Huanza na kilichoonekana: ni bunduki ndefu au bastola, ina magazini ya kuchomoa au iliyofungwa, ina namba gani, na imechongwa wapi, ina alama za kiwanda na za nchi. Itifaki ya Nairobi imezitaka nchi kuziwekea silaha alama na kutunza kumbukumbu zake, na alama hizo ndizo zinazowezesha afisa wa Kigali au Lusaka kuitambua bunduki ambayo hajapata kuiona.

Kisha hutazamwa swichi ya kuchagulia mwendo wa risasi, kama ipo. Katika AK, swichi ikiwa juu bunduki imefungwa, katikati ni mfululizo, na chini ni risasi mojamoja. Zile za Kirusi zina herufi za Kirusi katika nafasi hizo, na baadhi ya zile za Kichina zina herufi L kwa mfululizo na D kwa mojamoja. Hapa wengi hukosea. Wakiikuta swichi chini, huandika kwamba bunduki ilikuwa ya nusu-otomatiki. Sivyo. Silaha hupewa jina kwa kile inachoweza kufanya, si kwa mahali swichi ilipokuwa siku hiyo. Gari lililosimama halikuacha kuwa gari. Nafasi ya swichi iandikwe, maana ni ushahidi juu ya jinsi silaha ilivyotumiwa, lakini isichukuliwe kuwa ni aina ya silaha.

Vilevile bunduki iliyotengenezwa kuwa ya nusu-otomatiki yaweza kuharibiwa kwa makusudi ili imimine. Hilo halijulikani kwa kutazama nje, wala halipaswi kujaribiwa na askari aliyeikamata, kwa risasi, kando ya barabara. Hiyo ni kazi ya fundi wa silaha. Askari mwenye busara huiondolea bunduki risasi kwa utaratibu aliofundishwa, huifunga, huiandika alivyoiona, na kumwachia fundi yale asiyoyaona.

Shahidi naye asipewe maneno ambayo si yake. Mwanakijiji akisema "nilisikia risasi nyingi", hajasema kwamba bunduki ilikuwa ya otomatiki. Watu wawili wenye SAR, wakivuta upesiupesi, waweza kutoa mlio ambao sikio lenye hofu litauita mfululizo. Aandikiwe alichokisikia, na maganda yaokotwe na kuhesabiwa. Maganda hayana hofu.

Lakini baada ya mikataba, rejesta na hati za mashtaka, limebaki jambo moja linalomhusu askari mwenyewe, aliyekabidhiwa silaha hiyo kwa jina la wananchi. Mashine imemwondolea kazi ya kujaza, kukoki, kuchomoa na kutupa. Imemwachia kazi moja tu: kuvuta. Katika bunduki ya otomatiki kamili, uamuzi mmoja waweza kutoa risasi kumi. Katika nusu-otomatiki, kila risasi ina uamuzi wake. Hakuna risasi ya pili iliyotoka kwa sababu tu ya kwanza ilitoka. Kidole kiliachia, kikarudi.

Misingi ya Umoja wa Mataifa juu ya matumizi ya nguvu na silaha za moto kwa wasimamizi wa sheria, iliyopitishwa Havana, Kuba, mwaka 1990, inataka askari awajibike kwa silaha na risasi alizokabidhiwa, na kwamba kila anapotumia silaha kazini pawepo utaratibu wa kutoa taarifa. Inaruhusu silaha kutumiwa dhidi ya watu pale maisha yanapokuwa hatarini na njia nyepesi zaidi zimeshindikana. Kwa mwenye nusu-otomatiki, masharti hayo hayatimizwi mara moja kwa tukio zima. Hutimizwa, au huvunjwa, kwa kila mvuto. Mtu aliyekuwa hatari katika risasi ya kwanza aweza kuwa ametupa panga lake na kuinua mikono kabla ya risasi ya pili, na muda huo mfupi ambao bunduki husimama na kungoja, ndio muda ambao sheria itauliza habari zake.

Ndiyo maana askari hawezi kusimama mbele ya kamanda wake, au mbele ya mahakama, na kusema kwamba bunduki iliendelea yenyewe. Bunduki ya namna hiyo haiendelei yenyewe. Nusu ya kazi yake ni ya chuma na gesi, na kwa nusu hiyo fundi wa silaha aweza kujibu. Nusu iliyobaki ni ya mwenye kidole, naye ndiye atakayeulizwa.